Vitufe vitatu vinaangusha seva ya ofisi nzima, na paswedi haiulizwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua hii ni ndefu, mkipunguza punguzeni salamu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Mwanza, nazunguka maofisi ya Kirumba, Igoma, Nyakato, mara moja moja naitwa mpaka Nansio kule Ukerewe, na kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu sijaona gazeti likiligusa. Mtu ananunua mashine nzuri, anawekewa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, maana kaambiwa Linux ni salama, paswedi ndefu ipo, faiawoli ipo, bakapu ipo, halafu kibodi ya mashine hiyo hiyo iko pale kaunta, na yeyote yule, hata aliyekuja kuulizia bei ya sangara tu, akibana Ctrl, Alt na Del kwa pamoja mashine inajizima na kujiwasha upya. Haulizwi jina. Haulizwi paswedi. Na wala haijalishi kama kuna mtu ameingia kwenye mfumo au hakuna.

Wengi nikiwaambia wanabisha. Wanasema mbona mimi nikibonyeza inaniletea tu kidirisha cha kuniuliza kama nataka kutoka. Sawa, hapo uko kwenye desktopu yenye picha, GNOME au nyingine, na yenyewe ndiyo imevidaka hivyo vitufe kabla havijafika mbali. Sasa bana Ctrl, Alt na F3. Skrini inakuwa nyeusi, unaona neno login linakusubiri, hujaandika kitu chochote. Hapo hapo bonyeza Ctrl, Alt na Del uone. Na hii unaifanya hata kama ile desktopu ilikuwa imefungwa kwa paswedi, maana kufunga skrini kunamlinda yule aliyeingia na madirisha yake, konsoli za pembeni, yaani hizo skrini nyeusi za maandishi, ziko wazi kama kawaida. Na seva nyingi hapa mjini hazina hata desktopu, zinakaa kwenye hiyo konsoli nyeusi mchana na usiku, kwa hiyo hata F3 huihitaji.

Tuelewane lakini, huu siyo ubovu wala siyo kirusi. Vitufe vikibanwa kerneli, yaani moyo wa Linux, yenyewe haiributi (haiwashi mashine upya), inatuma tu ishara inayoitwa SIGINT kwa programu namba 1, ile inayowasha nyingine zote, na siku hizi kwenye matoleo ya Linux kama Debian, Ubuntu, Red Hat na ndugu zao namba 1 ni systemd. Systemd ikipata hiyo ishara inaenda kuanzisha kitu kinaitwa ctrl-alt-del.target, na ukikichungulia unakuta ni jina la pili la reboot.target, basi. Hapo katikati hakuna sehemu ya kuuliza we nani. Mantiki yake ni ya zamani, kwamba aliyekaa mbele ya mashine ndiye mwenye mashine. Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991 ilikuwa kompyuta yake mwenyewe, nani mwingine angekuja kumbonyezea.

Vitufe vyenyewe vina umri mkubwa kuliko Linux. David Bradley, mhandisi wa IBM, ndiye aliyevipanga wakati wanatengeneza ile PC iliyotoka 1981, ili wenzake wanaoandika programu wasiwe wanazima na kuwasha umeme kila mashine inapoganda. Mwanzoni alitumia Esc badala ya Del, ikaonekana mtu anaweza kuvigusa kwa mkono mmoja bila kukusudia, akahamia Del ili ulazimike kutumia mikono miwili. Yaani mwenyewe alishaiona hatari tangu siku ya kwanza. Halafu 1993 Microsoft wakatoa Windows NT, na humo vitufe vile vile vikageuka kuwa hatua ya kuingia, unavibonyeza kwanza ndipo unaletewa sehemu ya kuandika paswedi. Hapo ndipo balaa letu lilipozaliwa, sisi wa maofisi ya mchanganyiko, mashine hii Windows ile Linux, na wafanyakazi ni hao hao.

Nitoe mfano. Kuna ofisi moja, siitaji, iko upande wa mwalo wa Kirumba, wanapokea dagaa na mabondo, mizani imeunganishwa na mashine ya Linux, kila gunia likipimwa uzito unaingia kwenye databesi na risiti inatoka, na wale wa ofisini juu wanasoma kutoka mashine hiyo hiyo kwa mtandao wa ndani. Wakaajiri karani mpya, binti mchapakazi kweli, ametoka sehemu wanatumia Windows miaka yote. Yeye akikaa zamu akaona skrini nyeusi imeandikwa login, vidole vinaenda vyenyewe, Ctrl Alt Del, mashine inaributi, baada ya muda inarudi pale pale kwenye login, anaandika jina lake anaingia, kwake huo ndio utaratibu wa kufungua kompyuta. Asubuhi hakuna aliyeona shida. Shida ni zamu ya mchana, magunia yako kwenye mizani, wa juu wako katikati ya kuandaa malipo, ghafla kila mtu anakatika.

Lawama ilienda wapi? Umeme. Kwetu hapa kila kitu kikizima ni umeme, na kwa kweli mara nyingi ni umeme, lakini safari hii hapana. Mwenye ofisi akanunua UPS, ile betri ya akiba, kubwa zaidi, hali ile ile. Nilipoitwa sikugusa hata waya, niliangalia kumbukumbu. Ukiandika last -x unaona mistari ya reboot na shutdown kwa tarehe na saa. Umeme ukikatika mashine haipati nafasi ya kuaga, mstari wa shutdown haupo, na kwa yule aliyekuwa ameingia inaandikwa crash. Hapa kila kuwaka kulitanguliwa na shutdown safi kabisa. Halafu ukiandika journalctl -b -1 -e unasoma maneno ya mwisho ya mashine kabla haijazima, ila hapo lazima kumbukumbu ziwe zinahifadhiwa kwenye disiki, ndani ya /var/log/journal, zisiwe zinakaa kwenye memori na kupotea, na hapa zilikuwepo, huduma zinafungwa moja moja kwa adabu, na saa zinafanana na zamu zinavyopokezana. Nikamwambia, mama, UPS yako nzima kabisa, hapa kuna mtu anaiambia mashine ilale na mashine inatii.

Binti wa watu alitaka kulia. Hana kosa, nasema hapa mbele ya wasomaji wote. Aliyeacha ruhusa wazi ndiye wa kuulizwa, na aliyeacha ni aliyeifunga hiyo mashine akapokea hela akaondoka.

Na siyo mimi tu nalalamika huku ziwani. Mwongozo wa usalama ambao Wizara ya Ulinzi ya Marekani inautumia kwa Red Hat Enterprise Linux 8 unaiweka hii ya Ctrl Alt Del kwenye daraja la juu kabisa la hatari, na sababu wanayoitoa ni hii hii ya mtu aliyezoea mfumo mwingine kubonyeza bila kukusudia mashine ikaondoka hewani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kubishana na mafundi wenzangu, maana nikisema hivi nusu yao wanajibu ah, vifunge hivyo vitufe kwa amri ya mask tu imeisha. Haijaisha bwana. Swali la kwanza siyo vitufe vifanye kazi au visifanye. Swali ni nani kwenye hii ofisi ana ruhusa ya kuributi, na akiwa nayo anaitumiaje, na tutajuaje kwamba ni yeye.

Wazee wa zamani walilifikiria hili. Kwenye mashine za SysV init, ile namba 1 ya zamani kabla systemd haijashika nchi, kulikuwa na faili la /etc/inittab na ndani yake mstari wa ctrlaltdel unaosema vikibanwa iitwe amri ya shutdown. Kwenye Debian huo mstari ulikuja na chaguo moja la ziada, -a. Hiyo -a maana yake nenda kwanza kasome /etc/shutdown.allow, humo kuna majina ya watu wanaoruhusiwa, jina moja kila mstari, mwisho 32, halafu angalia kama mmoja wao au root, yule mwenye mamlaka yote ya mashine, ameingia kwenye konsoli, kama yupo ributi, kama hayupo andika kwenye konsoli kwamba hakuna mwenye ruhusa aliyeingia na usifanye kitu. Nzuri eeh? Ila ina matundu mawili ambayo bado nayakuta kwenye mashine za zamani huku. La kwanza, hilo faili lisipokuwepo kabisa ile -a inapuuzwa, yaani kutokuwa na orodha ni sawa na kuruhusu wote, watu wanadhani ni kinyume. La pili ndilo kubwa, haikagui mkono uliobonyeza, inakagua tu kama mwenye ruhusa yupo kwenye mfumo. Ni sawa na mlinzi wa getini anayekuuliza bosi yupo ndani, ukimwambia yupo anakufungulia na wewe upite. Admini akisahau kutoka kwenye konsoli ya kwanza akaenda kula ugali na sato, mtu wa konsoli ya pili anabonyeza na mashine inakubali. Kwa hiyo kama una mashine ya namna hiyo na bado unaitegemea, hakikisha faili lipo, hata likiwa tupu ni afadhali kuliko kutokuwepo, na mtu asiache konsoli ya root wazi.

Kwenye systemd hiyo orodha ya majina haipo. Ni kufungua au kufunga. Kwa hiyo mimi nafunga, halafu ruhusa naipitisha njia nyingine.

Kufunga kwenyewe ni mstari mmoja, systemctl mask ctrl-alt-del.target, kama root, unaona imetengeneza kiungo kinachoelekea /dev/null, yaani pasipo na kitu. Wengi wanaishia hapa wanafunga laptopu wanaondoka. Kumbe systemd ina mlango wa dharura, mtu akibonyeza hivyo vitufe zaidi ya mara 7 ndani ya sekunde 2 inaributi kwa nguvu, haisubiri huduma zifungwe kwa utaratibu, na hii haijali kama umeifunga ile target. Na wewe fikiria binadamu wa kawaida, amebonyeza mara moja haijajibu, atafanya nini? Atabonyeza kwa hasira, mfululizo. Yaani umemziba njia ya kistaarabu ukamwachia ile ya kibabe, databesi iliyokuwa katikati ya kuandika inakatwa pumzi. Kwa hiyo lazima uingie /etc/systemd/system.conf, sehemu ya Manager, uandike CtrlAltDelBurstAction=none, au uweke kwenye faili dogo ndani ya system.conf.d ili sasisho lisije likakuvurugia, halafu systemctl daemon-reexec.

Ukitoka hapo kuna SysRq, ile Alt pamoja na kitufe cha Print Screen na herufi. Alt, SysRq na B inaributi papo hapo, haihifadhi chochote, haiulizi systemd, maana hii inashughulikiwa na kerneli yenyewe. Ruhusa yake iko kwenye kernel.sysrq na ni namba ya kujumlisha, 16 ni kuhifadhi data kwenye disiki, 32 ni kurudisha disiki iwe ya kusoma tu, 128 ni kuributi na kuzima, na nyinginezo. Ubuntu wanakuja na 176, ukijumlisha hizo tatu ndiyo unaipata, kwa hiyo kuributi kumo ndani. Kwa kibodi iliyoko kaunta mimi naweka 0 kwenye faili la /etc/sysctl.d nikamaliza. Kwa seva iliyo chumba cha kufungwa na ufunguo naiacha 176, makusudi kabisa, maana siku mashine ikiganda kwelikweli, ukibonyeza S, kisha U, kisha B kwa utaratibu, unaokoa disiki kuliko kuchomoa waya ukutani. Kuna mafundi wataniita mzembe kwa hili. Waniite. Na ujue ile namba inazuia kibodi tu, root akiandika kwenye /proc/sysrq-trigger anapita siku zote, kwa hiyo ukiweka 0 hujajifungia nje.

Hapo nyuma niligusia desktopu, nayo ina yake. Skrini ya kuingilia ya GNOME ina menyu ya kuzima na kuwasha upya pale pembeni, haihitaji paswedi, unaiondoa kwa disable-restart-buttons kwenye dconf, hifadhi ya mipangilio ya GNOME. Na mtu ambaye ameshaingia, hata yuza wa chini kabisa asiye na sudo, ile ruhusa ya kutumia amri za root, akiwa amekaa mbele ya mashine akaandika systemctl reboot, inakubali, maana polkit, programu inayoamua nani aruhusiwe nini, kwa kawaida inasema aliye kwenye sesheni hai ya hapo hapo aruhusiwe. Hii inawashangaza sana watu. Vitufe umefunga, amri iko wazi.

Basi sasa ile ruhusa. Natengeneza kundi, mimi naliita zamu, naweka humo watu ambao mwenye ofisi mwenyewe amenitajia, siyo niliowachagua mimi. Halafu kwa visudo, amri ya kuhariri ruhusa za sudo, naweka faili dogo kwenye /etc/sudoers.d lenye mstari

%zamu ALL=(root) /usr/bin/systemctl reboot

na hakuna kingine, hawapati root ya kila kitu, wanapata hiyo amri moja. Akiitumia anaulizwa paswedi yake mwenyewe na jina lake linaandikwa kwenye logi pamoja na saa. Kwenye polkit naweka kanuni fupi ndani ya /etc/polkit-1/rules.d kwamba org.freedesktop.login1.reboot na zile za kuzima, kwa asiye kwenye kundi hilo, zidai paswedi ya admini. Angalizo, Debian 11 kurudi nyuma, na hata Ubuntu 22.04, polkit yao ni ya zamani haisomi hizo kanuni, ina faili za aina nyingine zinazoishia na pkla, usije ukaandika kanuni nzuri ukafurahi kumbe hakuna anayeisoma.

Kwa nini nahangaika na kundi wakati ningeweza kufunga kila kitu? Kwa sababu nimeona kinachotokea ukifunga kila kitu. Fundi anaondoka Mwanza anarudi kwao Shinyanga, simu haipatikani, mashine imekuwa nzito haieleweki, wafanyakazi hawana njia yoyote halali ya kuiributi, wanafanya nini? Wanashika kitufe cha kuwashia wanakibana mpaka inazima, na hicho ukikishikilia sekunde kadhaa ni vifaa vyenyewe vinakata, systemd haina usemi hapo hata ukiandika HandlePowerKey=ignore kwenye logind.conf. Au wanachomoa waya. Databesi nzuri kama PostgreSQL itajinyanyua kwa kusoma jonali yake, yaani daftari la mabadiliko, ext4, mpangilio wa mafaili kwenye disiki, nayo hivyo hivyo, lakini umewahi kukuta ofisi inatumia databesi yenye meza za zamani za MyISAM, zisizo na jonali? Mimi nimekuta, na kuzirepea siyo raha. Kwa hiyo ruhusa ikitolewa vizuri kwa watu wanaojulikana ni ulinzi pia, na hapa ndipo sikubaliani kabisa na wale wa funga-funga.

Nije kwenye hili la usalama wenyewe, maana mpaka hapa mtu atasema kuributi ni usumbufu tu, data haijaibiwa. Hapana. Mashine ikiwaka upya inapita kwenye GRUB, ile menyu ya mwanzo. Aliyekaa hapo akibonyeza e anahariri mstari wa kuwashia, anaongeza init=/bin/bash mwishoni, anaendelea, na mashine inamkabidhi root bila paswedi yoyote. Kwa hiyo anayeweza kuributi kwa kibodi na GRUB haina paswedi, mashine ni yake. Au anachomeka fleshi yenye Linux yake anawashia humo anasoma disiki yako anavyotaka. Ndiyo maana vitufe, GRUB na BIOS, ile programu ya ubao inayotangulia kuwaka, vinaenda pamoja, paswedi ya GRUB unaitengeneza kwa grub-mkpasswd-pbkdf2, Red Hat wana grub2-setpassword, na BIOS unaiwekea paswedi na kuikataza kuwasha kutoka kwenye fleshi.

Lakini sisi tuko Mwanza, tuwe wakweli. Umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, nani yuko ofisini kuandika paswedi? Nimekuta seva ya ghala la baridi la samaki ambayo fundi aliweka paswedi ya GRUB kwa pupa, akaifanya idai paswedi hata kuwaka kwa kawaida, umeme umerudi, majokofu yamewaka, ila mashine inayotuma ujumbe joto likipanda imekaa inasubiri paswedi mpaka asubuhi. Kwenye Debian na Ubuntu ule mpangilio wa kawaida wa menyu lazima uuongezee neno --unrestricted, kwamba kuwaka kama kawaida ruksa kwa wote, kuhariri ndiyo paswedi. Red Hat hilo wameshaliweka. Na kwenye BIOS weka mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, karibu kila ubao una hiyo sehemu, isiwe inasubiri mtu aje kubonyeza.

Anayetaka kufunga disiki nzima kwa LUKS, yaani kuisimba isisomeke bila paswedi, nampongeza, ila hapo ndipo pagumu maana LUKS inataka paswedi kila ikiwaka na hakuna --unrestricted ya kumwokoa. Kuna njia ya kuweka ufunguo kwenye chipu ya TPM, systemd-cryptenroll inafanya hivyo, na kuna ya dropbear, programu ndogo ya SSH, mashine inawaka nusu halafu admini anaingia kwa hiyo SSH, njia ya kuingia kwa mbali kupitia mtandao, kutoka nyumbani anaandika paswedi, nzuri kama modemu ya intaneti nayo iko kwenye UPS. Kama haiko, umerudi pale pale.

Mashine za ndani ya mashine, yaani kompyuta za kuigizwa na programu, hizi za Proxmox na nyinginezo, zina kitufe kwenye skrini cha kutuma Ctrl Alt Del, kipo jirani kabisa na vingine, na mashine ya ndani inakitii kama kibodi ya kweli. Fanya humo pia yale yale.

Ukimaliza yote jaribu, usiamini maandishi yako. Jaribu baada ya kazi, risiti ya mwisho imetoka, bakapu imechukuliwa, wa ofisini juu wameambiwa. Nenda kwenye konsoli ya F3, bonyeza mara moja, kisha bonyeza mfululizo haraka uwezavyo. Mwite yuza wa kawaida aandike systemctl reboot uone inamuomba paswedi ya admini. Mwite wa zamu aiandike kwa sudo, iributi kweli, na ikiwaka fungua logi umwonyeshe mwenye ofisi jina na saa kwa macho yake. Halafu chomoa UPS ukutani, iache ife kabisa, rudisha umeme, kaa mbali na kibodi uangalie kama inarudi mpaka huduma zote zinapatikana bila mtu kugusa kitu. Hii ya mwisho mafundi wengi wanaiogopa, na wenye ofisi ndio wanaotakiwa kuidai kabla hawajalipa nusu iliyobaki.

Mwisho naomba kupitia gazeti lenu, kama kuna fundi wa Musoma, Bukoba, Geita au hapa hapa jijini ambaye amefanikisha LUKS na umeme wetu huu bila mtu kuamshwa usiku, na bila kuacha ufunguo ndani ya mashine ile ile inayoweza kubebwa na mwizi mabegani, aandike tumsome. Mimi TPM bado inanipa wasiwasi kwa mashine zilizo kaunta, na dropbear bila intaneti ya uhakika siiuzi kwa mteja.

Msomaji wenu,
Fundi wa Nyakato, Mwanza